Nilitibiwa saratani nikiwa Form Three, leo nakimbia tena mashindano: kabla ya raba, tafuteni karatasi ya dawa

#1 Binti Kawetere (mleta uzi)

Wakuu, habari za jukwaani, na wakubwa shikamooni.

Tangu niseme kwenye ule uzi wa riadha kwamba niliwahi kuugua saratani, PM imejaa. Swali ni lile lile: mdogo wangu, au mwanangu, kamaliza matibabu, zamani alikuwa anakimbia au anacheza mpira, je, arudi? Wanaouliza wako wa aina mbili. Kuna familia inayotaka mtoto akae ndani kajifunika blanketi mpaka azeeke, na kuna kocha anayetaka awe fiti kabla ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Wote nawajibu kitu kimoja: kabla hamjamnunulia raba, tafuteni karatasi inayoonyesha alichomwa dawa gani na kwa jumla ya kiasi gani. Nitaeleza kwa nini, ila nianze mbali kidogo.

Mimi ni wa Uyole. Nilikuwa nakimbia mita 1500 na 3000, na kwa umri wangu nilikuwa nafanya vizuri, shuleni hakuna msichana aliyenisogelea. Nikiwa form three likanitokea tezi shingoni, juu kidogo ya mtulinga. Haliumi, ukiligusa linateleza kama goroli. Likaja la pili. Halafu jasho la usiku. Wanaojua Uyole ya mwezi wa sita wanaelewa: watu wamelala na mablanketi mawili, mimi naamka shuka limelowa la kukamua. Kwenye mazoezi nikawa naachwa na watu niliozoea kuwaacha.

Kituo cha kwanza tulichoenda walinianzishia dawa za TB bila kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupima. Siwalaumu kwa kuwaza TB, huku kwetu TB ya matezi ipo na dalili zinafanana mno. Nalaumu kwamba tezi liliendelea kukua huku nameza dawa na bado nikaambiwa nivumilie. Tezi lisilopungua likachukuliwe kinyama, likapimwe. Baba ndiye aliyegoma kuvumilia. Kinyama kilipopimwa majibu yakaja: Hodgkin limfoma, saratani ya matezi. Daktari akatuambia hapo hapo kuwa ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zikitibiwa ipasavyo, na kwamba vijana wanaipata sana. Mama hakuisikia hiyo sehemu ya pili. Alishasikia neno saratani, basi.

Matibabu yalikuwa Dar. Ukitoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za basi, na mlima wa Kitonga ukiupita na kichefuchefu cha dawa utaujua kona kwa kona. Nilikuwa nachomwa dripu ya dawa nne kila baada ya wiki mbili. Moja ni nyekundu kama juisi ya rozela, inaitwa doksorubisini, ukienda chooni mkojo nao unatoka mwekundu na unashtuka hata kama nesi alishakuonya. Nyingine, dakabazini, inaunguza mshipa. Mpaka leo mshipa mmoja wa mkono wangu wa kushoto umekakamaa kama kamba chini ya ngozi, saa ya mazoezi nikiibana pale inauma, kwa hiyo navaa kulia.

Nywele, kutapika, vidonda mdomoni, hayo mmeyasoma kwenye nyuzi nyingine, siyarudii.

Sasa karatasi. Hiyo dawa nyekundu ni kali kwa saratani, na ni kali pia kwa msuli wa moyo. Madhara yake yanahesabiwa kwa jumla ya dozi uliyopata maisha yako yote, na yanaweza kujitokeza miaka mingi baada ya kupona, mtu akiwa hana dalili yoyote. Madaktari wanaofuatilia waliopona utotoni wanasema jumla ikifika miligramu 250 kwa kila mita ya mraba ya mwili, uko kundi la hatari kubwa, na unatakiwa kupimwa moyo kwa eko (ultrasound ya moyo) kila baada ya miaka miwili. Ukichanganya na mionzi ya kifua, hatari inapanda. Mtu wa ofisini anaweza kuishi bila kujua namba yake. Mkimbiaji anayetaka moyo ufanye kazi mpaka mwisho wa uwezo wake, hawezi.

Dawa nyingine kwenye dripu yangu ilikuwa bleomisini. Hii inaweza kuumiza mapafu. Na hata ukipona, siku ukienda kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa goti, mwambie daktari wa usingizi kwamba uliwahi kupewa bleomisini, kwa sababu oksijeni nyingi inaweza kuwasha tatizo upya. Nani atakumbuka jina hilo akiwa na miaka 30? Ndiyo maana nasema karatasi. Tuliporudi Mbeya baada ya dripu ya mwisho tulipewa tarehe ya kliniki tu. Karatasi nilirudi kuiomba mwenyewe, nikaandikiwa: jina la ugonjwa, hatua yake, majina ya dawa, dozi ya jumla ya kila moja, mionzi kama ipo, tarehe ya kumaliza. Ipo kwenye faili, nakala ipo kwenye simu, na kocha wangu anayo.

Nimechoka kuandika, ulizeni.

#2 Mzee wa Sokoine

Dah, dada umetisha. Hongera sana na Mungu akutunze. Ila mimi naona mnawatia watoto hofu. Haller, yule mshambuliaji wa Ivory Coast, si alikuwa na saratani? Karudi, kaifunga Nigeria fainali ya AFCON. Mtu akipona kapona.

#3 Binti Kawetere

Asante mzee wangu. Haller nampenda, lile bao la Februari 2024 nililishangilia Mwanjelwa na watu nisiowajua. Ila tuangalie vizuri. Alikuwa na miaka 28 alipogundulika na saratani ya korodani Julai 2022, tayari ni mchezaji aliyekomaa, ana klabu ya Ujerumani yenye madaktari wake. Januari 2023 akawa uwanjani. Mtoto wa miaka 15 hajakomaa. Mifupa inakua, moyo unakua, na ile miaka ambayo mwenzake anajenga pumzi na misuli yeye yuko wodini. Harudi pale alipoachia, kwa sababu alipoachia alikuwa bado hajafika popote.

Kwa umri wetu mimi nawatajia Rikako Ikee, muogeleaji wa Japani. Michezo ya Asia ya 2018 pale Jakarta alibeba dhahabu sita. Februari 2019, ana miaka 18, akatangaza ana leukemia, saratani ya damu. Akatoka hospitali Desemba ile. Watu wanakumbuka kwamba alifika Olimpiki ya Tokyo, na ni kweli, aliogelea mbio za kupokezana. Mimi ninachokitazama ni shindano lake la kwanza la kurudi, Agosti 2020, mita 50. Alitumia sekunde 26.32. Rekodi ya taifa, ambayo ni yake mwenyewe, ni 24.21. Sekunde mbili kwenye mita 50 ni umbali mrefu mno. Na akafurahi! Aprili 2021 akashinda mita 100 kipepeo kwenye mashindano ya taifa kwa 57.77, ikamtosha kuingia timu, na bado iko nyuma ya rekodi yake ya 56.08. Paris 2024 alikwenda pia, hakuingia fainali ya mita 100 kipepeo.

Huyo ndiye mfano wa mtu aliyerudi. Hajaizidi Rikako ya 2018. Ila ni muogeleaji wa Olimpiki, anayepanga mstari na watu ambao hawajawahi kulazwa hata siku moja.

#4 Mwalimu wa Michezo Rungwe

Ndaga fijo, binti. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari moja huku Rungwe. Nina kijana amemaliza matibabu ya leukemia, anataka kurudi timu ya riadha na mimi namtaka, siwezi kudanganya. Naomba unieleze mlianzaje, kivitendo. Huku hatuna maabara wala mashine, tuna kiwanja chenye mteremko na filimbi.

#5 Binti Kawetere

Shikamoo mwalimu. Filimbi inatosha kwa kuanzia, ila kipimo cha moyo lazima kitangulie.

Mpeleke apigwe eko ya moyo kabla ya mazoezi yoyote ya kumtoa pumzi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya mnaweza kuanzia, na mkihitaji bingwa zaidi kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Mpimaji aambiwe mambo mawili: kijana alipewa dawa gani, na kwamba ni mkimbiaji. Hilo la pili watu wanalisahau. Moyo wa mkimbiaji wa masafa unatanuka kidogo na kupiga polepole kwa sababu ya mazoezi, na kwenye picha unaweza kufanana na moyo ulioanza kuchoka kwa dawa. Asipojua, anaweza kukupa ugonjwa usio nao, au akasema huo ni wa mazoezi kumbe ni dawa. Mimi eko ya kwanza ya baada ya matibabu ndiyo msingi, zinazofuata zinalinganishwa na hiyo.

Damu nayo. Sisi tuko juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda Kawetere barabara ya Chunya unavuka 2,000. Wakimbiaji wa nje wanalipa pesa kwenda Kenya na Ethiopia kufanya mazoezi sehemu kama hizi. Lakini kwa mtu ambaye damu yake bado haijarudi, ule mlima ni adhabu, hewa nyepesi na damu nyepesi kwa pamoja. Mimi sikuruhusiwa kupanda mpaka Hb, kipimo cha wingi wa damu, iliporudi kwenye 12 na ikakaa hapo.

Tulianza kwa kutembea, Uyole kwenda Igawilo, na mdogo wangu. Sheria ilikuwa moja: tuongee njia nzima. Nikishindwa kumaliza sentensi, tunapunguza. Kisha kutembea na kukimbia kwa zamu. Nilikaa kwenye hatua hiyo muda mrefu hadi majirani wakaanza kunionea huruma, mama mmoja akasimamisha bodaboda yake kunipa lifti. Nguvu zilitangulia kasi, kwa sababu mapaja yalikuwa yameisha: kuchuchumaa, kupanda ngazi, kuruka kamba. Vyuma vizito vya kubana pumzi daktari alinikataza, vinapandisha presha ghafla na moyo uliopata dawa nyekundu hautakiwi kushtuliwa hivyo. Asubuhi kabla ya kushuka kitandani nahesabu mapigo, yakiwa juu kuliko kawaida yangu, siku hiyo sikimbii.

Kijana wako kwa kuwa ni leukemia, angalia miguu yake. Dawa inaitwa vinkristini inaumiza neva, anaweza kuwa na ganzi vidoleni au ncha ya mguu kuburuta. Mwambie atembee kwa visigino kutoka golini hadi golini. Akishindwa, usimpe mbio za kasi kwenye hicho kiwanja cha mteremko, atavunjika. Na kama alikunywa prednisoloni nyingi halafu analalamika nyonga au goti bila kuanguka, usimwambie akaze. Dawa hizo zinaweza kukata damu kwenye mfupa ukafa kipande. Apigwe picha.

Kitu kimoja kocha wangu alifanya ambacho sikukipenda: alifungua daftari jipya. La zamani lenye muda wangu wa kabla akalifungia kabatini, akasema halitafunguliwa msimu huo. Nilinuna wiki nzima. Kwenye daftari jipya mita 1500 yangu ya kwanza ilikuwa muda ambao wasichana wa form one wananicheka, na kocha akaiandika juu kabisa na kuizungushia duara, muda bora.

#6 Mkombozi_Ilomba

Dada ulipigana vita, wewe ni mpambanaji. Waliokufa wengi ni kwa sababu walikata tamaa mapema. Imani na mazoezi ndiyo dawa, hizo kemikali zinamaliza watu.

#7 Binti Kawetere

Kaka, asante kwa maneno mema ya mwanzo, ila hapo mbele sikubaliani na wewe hata kidogo.

Nililala wodi moja na binti wa Ruvuma aliyekuwa na moyo kuliko mimi. Anaimba asubuhi, anatania manesi, anasali kuliko mchungaji. Alifariki. Mimi niliyekuwa nalia kila dripu nipo hapa najibu nyuzi. Ukiniambia waliokufa walikata tamaa unamtukana yule binti, na mama yake anaweza kuwa anasoma hapa.

Kuna Mholanzi anaitwa Maarten van der Weijden, muogeleaji. Aliugua leukemia mwaka 2001 akiwa bado kijana, akapandikizwa seli, na 2008 Beijing akashinda dhahabu ya Olimpiki kwenye kilomita 10 za maji ya wazi. Huyo angeweza kujisifu kuliko wote. Yeye alisema kinyume: kwamba mawazo ya Lance Armstrong, mwendesha baiskeli aliyepona saratani, kuwa mtu anaushinda ugonjwa kwa fikra chanya na michezo ni ya hatari, maana yake asiyekuwa chanya ni wa kulaumiwa akifa. Yeye alilala kitandani, madaktari wakafanya kazi yao. Na huyo Armstrong mwenyewe mataji yake yote ya Tour de France yalifutwa 2012, kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu.

Mimi naomba kila siku na sioni aibu kusema. Lakini kilichoondoa matezi ni dripu.

#8 Nesi wa Zamu

Mleta uzi ameongea vizuri. Niongeze machache kutoka upande wetu.

Wakati matibabu yanaendelea chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zinashuka. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto aliye kwenye kemo (dawa za saratani) ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo, usisubiri asubuhi, na usimpe panadol kwanza uone. Nasema hivi kwa sababu watoto wa michezo wanaficha homa ili waende kuwaangalia wenzao wakicheza.

La pili ni kwa wanaorudi kwenye mashindano makubwa yenye kupimwa. Prednisoloni ya kumeza imekatazwa siku za mashindano. Sindano ya kuongeza damu ya EPO imekatazwa wakati wote, hata mazoezini. Kama daktari amekuandikia, kuna kibali maalumu cha kutumia dawa kwa ajili ya tiba, unakiomba kwa maandishi ukiwa na vielelezo vya hospitali. Hapo ndipo ile karatasi inaingia tena. Na chupa za mizizi za "kusafisha damu" zinazouzwa stendi, hujui kuna nini ndani, na kisheria mchezaji anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake.

#9 Mdau Isyesye

Vipi mambo ya uzazi na ndoa? Usijibu kama unaona sivyo.

#10 Binti Kawetere

Najibu kwa kifupi. Siku zangu zilikata wakati wa matibabu, zikarudi baadaye. Baadhi ya dawa zinaharibu uwezo wa kuzaa na baadhi haziharibu sana, kwa hiyo wazazi muulize kabla ya dripu ya kwanza, hasa kwa wavulana maana mbegu zinaweza kuhifadhiwa zikipatikana huduma. Kwa wazazi wetu wa huku hilo swali ni gumu kulitamka mbele ya mtoto. Mtume mjomba au shangazi.

Ndoa: shangazi zangu waliacha kuuliza lini naolewa. Faida ya ugonjwa, hiyo.

#11 Mama wa Kihesa

Kamwene wote. Niko Iringa. Nimesoma uzi mzima nikilia. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, ni beki, timu ya mtaa na ya shule. Goti lilianza kuuma usiku tukadhani ni rafu za mpira, tukachua. Ni saratani ya mfupa, chini ya paja karibu na goti. Yuko Dar anachomwa dawa, baada ya hapo ni operesheni. Kila siku ananiuliza kwenye simu kama atacheza tena uwanja wa Samora. Baba yake amemwahidi atacheza. Mimi nimjibu nini?

#12 Binti Kawetere

Mama, shikamoo. Pole sana, na kuchua msijilaumu, kila mtu angechua. Saratani hiyo inawapata zaidi vijana wa umri huo huo wanaorefuka haraka, na mara nyingi ni hapo hapo kuzunguka goti, kwa hiyo kwa mcheza mpira inajificha vizuri nyuma ya rafu.

Nitakwambia ukweli kwa sababu mimi niliuhitaji. Ahadi ya baba ni nzito. Operesheni ina njia mbili kubwa: kutoa kipande cha mfupa wenye ugonjwa na kuweka chuma, au kukata mguu. Akiwekewa chuma atatembea kwa mguu wake, lakini michezo ya kugongana kama beki kwa kawaida madaktari wanaikataza, kwa sababu chuma kinaweza kulegea au mfupa ukavunjika pembeni yake. Akikatwa, ajabu ni kwamba milango ya michezo ya ushindani mingine inafunguka. Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka ya waliokatwa viungo, ilicheza Kombe la Dunia Uturuki 2022. Sisemi mchague kukata, hilo ni la daktari na ugonjwa wenyewe ulivyo. Nasema mtoto asidhani kwamba kuna mlango mmoja tu na umefungwa.

Asimuige Terry Fox, lakini amjue. Mkanada, mguu wake ulikatwa 1977 akiwa na miaka 18 kwa saratani kama ya mwanao. Mwaka 1980 akakimbia na mguu wa bandia karibu marathoni kila siku, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomrudia mapafuni akasimama. Alifariki mwaka uliofuata. Ndiyo maana baada ya operesheni wanapiga picha za kifua mara kwa mara, msiziruke hata akijisikia mzima.

Kwa swali lako: mimi ningemwambia "sijui kama ni Samora, lakini tutamuuliza daktari pamoja, na wewe ndiye utakayeuliza." Ana miaka 15, mwacheni aulize mwenyewe. Kwa daktari wa upasuaji, kabla hamjasaini: ukiweka chuma, ni michezo gani utaniruhusu na ipi utanikataza? Ukikata, utakata wapi ili mguu wa bandia ukae vizuri kwa mtu anayetaka kukimbia? Na kwenye dawa za saratani ya mfupa ile nyekundu nayo huwemo, mara nyingi pamoja na sisplatini inayoweza kupunguza usikivu na kuumiza figo. Aombewe kupimwa masikio, na siku ya kuruhusiwa msitoke bila karatasi.

Kwa vile ni mtoto, kama bado mnalipia chochote ulizieni Tumaini la Maisha pale Muhimbili, wanashirikiana na wodi ya watoto wenye saratani. Akishapata majibu ya daktari wa upasuaji uyaweke hapa mama, nesi na mwalimu wa Rungwe wapo, na mimi naingia jioni nikitoka mazoezini.